Hesabu za Wanachama Zisipotee Ndani ya Kompyuta

(Hotuba kwa makatibu na makarani wa vyama vya msingi)



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi limo ndani ya kompyuta, na mali yaweza kupotea hali daftari lipo.

Katika hifadhidata kila safu hupewa kipimo chake tangu mwanzo: jina lina idadi ya herufi, malipo yana ukomo wa tarakimu. Hifadhidata iitwayo MySQL, itumikayo duniani kote, kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015 ilikuwa kwa kawaida ikikata kisichoenea na kuhifadhi kilichobaki. Safu ya namba fupi hukomea 32,767. Karani akiandika shilingi 48,500, iliyohifadhiwa ilikuwa 32,767. Onyo lilitolewa, lakini programu ya karani isipolidai, hakuna aliyeliona.

Tangu toleo hilo ingizo la namna hiyo hukataliwa, isipokuwa kama fundi amekizima kizuizi hicho. Hata hivyo hatari haijakwisha. Kilo 46.4 zikiingizwa katika safu ya namba nzima huwa 46, na kompyuta haisemi neno. Gramu 400 za mkulima zimekwenda, wala hapana aliyeiba. Mwenye kilo 46.6 naye huandikiwa 47, na stakabadhi hazipatani tena na hesabu.

Kwa hiyo kila kamati yapaswa kumdai mtengenezaji wa programu mambo matatu. Kwanza, kisichoenea kikataliwe waziwazi, karani akione. Pili, uzito na fedha viwekwe katika safu za desimali zenye nafasi ya kutosha. Tatu, mapokezi ya mazao na deni la malipo yake viingizwe kwa pamoja. Kimoja kikishindwa, vyote virudishwe nyuma.

Zaidi ya hayo, kila jioni jumla ya stakabadhi za mizani ilinganishwe na jumla iliyosomwa upya kutoka katika hifadhidata, si ile iliyoonekana kwenye kioo kabla ya kuhifadhi. Zikitofautiana hata kwa robo kilo, sababu itafutwe siku ile ile, stakabadhi zikiwa bado mezani.

Ukimya wa kompyuta si stakabadhi. Mwanachama aliyebeba gunia lake hadi mizani ana haki ya kulikuta lote katika hesabu.