Mchimbaji Hurudi Kwao na Vumbi

Juma hili nazungumzia ugonjwa usio na haraka. Mtu huupata akiwa kijana mwenye nguvu zake, ukaja kumlaza akiwa baba wa watoto, na mara nyingi siku hiyo hayupo tena mahali alipoupatia. Wataalamu wanauita silikosisi. Ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe.

Mwamba unapochorongwa au kulipuliwa hutoa vumbi jembamba mno, ambalo jicho halilioni. Likishafika ndani kabisa ya mapafu, halitoki kwa kukohoa. Hutia makovu, na makovu hayo huweza kuzidi hata baada ya mtu kuacha kazi. Dawa ya kuyaondoa haipo. Tena mapafu ya namna hiyo hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu.

Wazee wa mikoa ya kusini wanaikumbuka Wenela, iliyoandikisha vijana kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, mpaka serikali yetu ilipokomesha jambo hilo baada ya Uhuru. Nchi ile ilikuwa na sheria ya kuwafidia wachimbaji wagonjwa wa mapafu tangu 1912. Lakini mgeni alipomaliza mkataba alirudishwa kwao, Msumbiji, Lesotho au Malawi, na kifua kikaanza kumbana akiwa kijijini, mbali na daktari wa mgodi na mbali na ofisi ya fidia. Kwa mgodi, huyo alikuwa ameondoka mzima. Ikabidi wachimbaji waende mahakamani. Mwaka 2018 makampuni sita yalikubali kutoa kiasi cha randi bilioni 5, na mahakama ikaidhinisha mapatano hayo 2019. Wengi waliostahili walikwisha kuzikwa.

Nayasimulia haya kwa sababu na sisi tunayo Mirerani. Tangu tanzanite ilipogunduliwa 1967, vijana wamekuwa wakimiminika huko kutoka kila upande wa nchi. Tunawaita wanaapolo. Wengi hawana mshahara wala mkataba. Hupewa chakula, wakangoja jiwe litoke wagawiwe. Huchoronga mwamba mkavu, bila maji, kitambaa kikiwa puani, na kitambaa hakizuii vumbi hili. Anayezidiwa na kikohozi hufunga mzigo akarudi kwao. Huko zahanati atapimwa makohozi, pengine atapewa dawa ya kifua kikuu, na hakuna atakayemuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Mzigo wa kumuuguza unabaki kwa mkewe na mama yake.

Sheria zipo. Ile ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya yake. Ile ya 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni sheria nzuri zote mbili. Lakini mfuko huchangiwa na mwajiri, na mwanaapolo huambiwa kwamba yeye hana mwajiri, ni mshirika tu wa bahati. Mimi nauliza: huyo anayemlisha, anayempa mashine na anayechukua fungu kubwa la jiwe, tumwite nani?

Mwaka 2018 ulijengwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo yale, ili vito visitoroshwe. Sina ugomvi na ukuta. Nasema tu kwamba kama mtu anaweza kupekuliwa langoni kwa ajili ya jiwe, basi anaweza pia kupigwa picha ya kifua anapoanza kazi na anapoiacha, akaondoka na cheti chake mkononi. Mashine za kuchoronga zitiwe maji. Na waganga wetu wa vijijini, kila anapowajia mwanamume mwenye kikohozi kisichopona, wamwulize kwanza: umewahi kufanya kazi wapi?