Kurekebisha Springi na Shokapu za Nyuma za Pikipiki ya Theluji kwa Ajili ya Kupanda Milima



Wengi wetu mafundi tulijifunzia kazi kwenye pikipiki na Land Cruiser. Leo tunashika spana katika karakana za Alberta na British Columbia, ambako mteja wa Januari analeta pikipiki ya theluji. Malalamiko yake karibu kila mara ni yale yale: akipandisha mlima, pua inanyanyuka, nyuma inazama, mashine inajichimbia. Halafu anaomba injini iongezwe nguvu. Hoja yangu ni kwamba kabla ya kugusa injini tuangalie mkanda unaoisukuma mashine unalalaje juu ya theluji. Ukilala vibaya, nguvu ya ziada itachimba shimo lile lile, ila kwa haraka zaidi.

Mashine za milimani, kama Ski-Doo Summit na Polaris RMK, nyingi zina mkanda wa inchi 154 hadi 165, wenye meno ya inchi 2.5 hadi 3. Urefu huo ni wa kutawanya uzito ili mashine ipande juu ya theluji laini na kubaki huko, kama boti ya injini inavyolala juu ya maji ikishachanganya mwendo. Nyuma ikichutama, kazi yote huangukia meno ya mwishoni, na theluji iliyopaswa kushindiliwa hurushwa nyuma.

Kwa hiyo dereva akikwama, ashuke kwanza aangalie mtaro alioacha. Mtaro mrefu wenye sakafu iliyoshindiliwa unaonyesha kwamba mkanda ulikuwa unabeba kwa urefu wake wote. Ukikuta shimo chini ya bampa ya nyuma huku skii zikiwa hewani, springi za nyuma ni laini mno, au pua imeachiwa inyanyuke mno, au yote mawili. Mtaro huo haudanganyi; maelezo ya mteja wakati mwingine hudanganya.

Anza na springi za nyuma. Nyanyua bampa mpaka zinyooke kabisa, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye bampa. Mwenye mashine apande akiwa amevaa kila kitu cha mlimani: helmeti, buti, begi lenye koleo. Pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo inayoonyesha springi zimeshuka kiasi gani. Fuata kipimo cha kitabu cha mtengenezaji; nisipokuwa nacho, mimi huanzia robo ya mwendo wote wa springi. Kumpima mteja akiwa na fulana karakanani, halafu ukampeleka milimani Revelstoke na begi zito mgongoni, ni kazi bure.

Baada ya hapo njoo kwenye mshipi unaozuia sehemu ya mbele ya reli za mkanda isishuke kupita kiasi. Hapa ndipo mabishano yalipo. Ukiurefusha, skii zinakuwa nyepesi, uzito unahamia nyuma ukikanyaga mafuta, na mashine inaondoka kirahisi ikiwa imesimama kwenye theluji nene ya tambarare. Ukiufupisha, pua inatulia kwenye mwinuko mkali na mkanda unaikabili theluji ukiwa umelala zaidi. Mpanda milima anayelalamika kwamba anasimama wima namfupishia, tundu moja tu kwa mara moja, kisha arudi akajaribu. Ukizidisha, skii zinalemea, usukani unakuwa mzito na pua inalima theluji. Mishipi ikiwa miwili, ilingane. Na kila ukiugusa mshipi, kagua upya mkazo wa mkanda.

Springi ya shokapu ya mbele, ile iliyo katikati ya reli, nayo huamua pua. Ukiikaza inabeba uzito zaidi na skii zinapungukiwa. Mashine inalala upande kwa urahisi, jambo wanalolipenda wanaokatiza mteremko. Lakini kama pua tayari inapaa, ilegeze kabla ya kufikiria kingine chochote. Shokapu za hewa zipimwe kwa pampu yake maalumu baada ya mashine kukaa nje kwenye baridi, kwa sababu presha uliyoijaza ndani ya karakana yenye joto itapungua huko nje.

Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, uandike. Fundi anayegusa springi, mshipi na shokapu kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia. Safisha barafu iliyoganda kwenye kirekebishio kabla hujatia spana, la sivyo utaviringisha kona za nati.

Majaribio yafanyike kwenye mteremko mpole. Maporomoko mengi ya theluji yanayoua hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na hiyo ndiyo miteremko ambayo mashine iliyorekebishwa vizuri inampandisha dereva bila shida. Mteja asiye na kifaa cha kutafutana chini ya theluji, fimbo ya kuchoma thelujini na koleo, mimi humwambia wazi kwamba sitamwandalia mashine ya kupanda huko.

Tukitoka mapumziko tutafungua mashine iliyopo uani. Mshipi wake uko kwenye tundu la mwisho, na bampa yake ya nyuma imeinama hata kabla hajapanda mtu.