Mifupa Nayo Hupimwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Leo hatukusimama kusema habari za mishahara, ingawa nazo zipo. Twataka kusema habari za mifupa.

Sisi tuliofanya kazi ya njia twalijua taruma la mbao. Kwa juu laonekana zima, mnyapara apita, watu wapita, kumbe ndani limekwisha oza. Gari zito likipita ndipo tunajua. Mifupa ya mtu ni vivyo hivyo. Yaweza kupungua nguvu miaka mingi bila maumivu yoyote.

Mzee mmoja tuliyefanya kazi naye, aliyekwisha staafu, aliteleza mlangoni kwake akavunjika nyonga. Hakuanguka kutoka juu, ni kidato kimoja tu. Tulimpandisha Upper Hill, kilima walichokaa wakubwa wa reli zamani, na leo kimejaa hospitali. Daktari akauliza, "Je, amepata kupimwa mifupa?" Tukatazamana. Mzee alikuwa amemeza vidonge vya steroidi miaka mingi kwa ajili ya pumu, wala hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa.

Kipimo chenyewe si cha kuogopa. Mtu hulala juu ya kitanda cha mashine iitwayo DXA, na mkono wa mashine hupita juu ya kiuno na nyonga. Hakuna sindano. Ni kama dakika 10 hadi 20, na miali yake ni kidogo kuliko ile ya picha ya kifua. Kisha mifupa yako hulinganishwa na ya kijana mwenye afya. Hesabu ikiwa juu ya kasoro 1, ni salama. Ikishuka hata kasoro 2.5 au chini zaidi, huo ndio ugonjwa wa osteoporosisi, kwa kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994. Dawa zipo.

Wanaohitaji zaidi ni mama zetu waliokoma hedhi, hasa waliofika miaka 65. Wanaume pia, kama mtu amevunjika kwa kuanguka kidogo, au ni mvutaji sigara na mlevi (tunajuana hapa). Sisi vijana hatuna haja ya kukimbilia mashine. Tule omena na mifupa yake, tunywe maziwa, tutembee.

Lakini mashine ni chache nchini, nyingi ziko Nairobi, na bei huwarudisha wengi mlangoni. Mtu wa stesheni ya mbali atalipa nauli kwanza. Kwa hiyo twaomba Kamati, itakapokaa na mwajiri kwa mapatano mapya, idai kipimo hiki kwa wastaafu na kwa wake zetu. Wenye wazee waliovunjika nyonga au kifundo cha mkono na waandikishe habari zao kwa karani wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, ili Kamati isiende mikono mitupu.