Mwanamke Aliyemaliza Mali Yake kwa Matabibu



Injili ya Dominika ya 13 ya Mwaka B yatuletea mwanamke mgonjwa. Mwinjili Marko hakutupatia jina lake; ametupatia hesabu yake. Miaka 12 ya kutokwa damu, matabibu wengi, mali yote imekwisha, na hali imezidi kuwa mbaya. Sisi huharakisha kuufikia muujiza, tukaipita hesabu hiyo kana kwamba si sehemu ya Habari Njema. Leo tutulie hapo kidogo.

Tukaao Tunduma twaifahamu. Mji wetu ni wa fedha: malori yapanga foleni kuingia Nakonde, shilingi na kwacha zabadilishwa mchana kutwa. Hata hivyo mama auzaye nyanya kando ya malori hayo, mumewe akihitaji kupasuliwa, huanza kuuza mahindi kabla ya bei kupanda, kisha cherehani, kisha kipande cha shamba. Akipewa rufaa ya Vwawa, au Mbeya yapata kilometa 100, nauli na chakula cha mwenye kumuuguza navyo ni gharama, ingawa haviandikwi katika stakabadhi yoyote.

Wazee wetu wakumbuka matibabu ya bure. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake. Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa Igunga mwaka 1996. Na Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Twaishukuru nia hiyo. Lakini mgonjwa afikaye dirishani bila kadi haulizwi habari za Bunge, aulizwa fedha.

Sasa tuseme jambo lituumalo. Katika jumuiya ndogo tuliyosali nayo, mama mmoja alitajiwa gharama za upasuaji. Akaikunja karatasi ya daktari, akaifunga katika pindo la kanga, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu. Jumamosi ile tulichangia harusi, naye alitoa chake. Alipofariki, rambirambi ilikusanywa kwa jioni mbili, sanduku zuri likanunuliwa, basi likakodiwa. Mweka hazina alipoiona ile karatasi baadaye, alipiga hesabu, akanyamaza. Fedha za mazishi zilizidi zile za upasuaji.

Hatukuwa na roho mbaya. Hatukuambiwa, nasi hatukuuliza. Mwanamke wa Injili naye alikuja kwa nyuma, kwa kificho, maana ugonjwa na ufukara huaibisha. Ajabu ni kwamba Bwana alisimama, ingawa Yairo alikuwa na haraka na binti yake mahututi, akauliza nani amemgusa. Wanafunzi waliona swali hilo halina maana katika msongamano ule. Yeye akangoja mpaka mama yule akaeleza yote, akamwita binti.

Basi wiki hii jumuiyani, kabla ya kusoma michango, tuulize ni nani aliyekunja karatasi. Makatekista nao wajue kwamba katika hospitali za serikali yupo ofisa ustawi wa jamii, ambaye miongoni mwa kazi zake ni kuchunguza hali ya mgonjwa asiye na uwezo ili apatiwe msamaha. Mjane asiyejua kusoma ni vigumu kuufikia mlango huo peke yake. Katekista aweza kwenda naye, wakiwa na barua ya serikali ya mtaa, na kuketi naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.