Kidonda Kisichopona Wiki Mbili: Kuitambua Mapema Saratani ya Kinywa
Mada kwa maafisa tabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ya kinywa, Unguja



Visababishi mnavijua: tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe, tambuu. Niongeze tu kwamba popoo hata bila tumbaku husababisha saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini hiyo mwaka 2004. Dalili za awali nazo mmezisoma: doa jeupe lisilofutika kwa shashi (utando wa fangasi hufutika), doa jekundu, ambalo ni la hatari zaidi, na kwa watafunaji popoo, mashavu yanayokakamaa hadi mdomo haufunguki vizuri.

Sasa nifike panaponiuma. Mgonjwa anakuja na kidonda pembeni mwa ulimi. Anaandikiwa antibiotiki na dawa ya kusukutua. Kisipopona, anaandikiwa antibiotiki nyingine. Jino la jirani likilegea linang'olewa, na pengo halifungi. Anapotufikia sisi tunaopokea rufaa, tezi za shingo zimekuwa ngumu, na upasuaji ambao ungegusa sehemu ndogo ya ulimi sasa unadai na taya, kisha wiki kadhaa za mionzi. Simlaumu mtu, foleni za vituoni nazijua. Lakini haya tumeyasema semina baada ya semina, na wagonjwa bado wanafika wakiwa wamechelewa. Chanzo kikubwa ni kwamba kidonda hiki mwanzoni mara nyingi hakiumi, na kisichouma hupewa muda, na mgonjwa na mhudumu pia.

Kwa hiyo napendekeza, kwanza, kidonda, doa au uvimbe uliovuka wiki mbili, hata baada ya kusawazisha jino lenye ncha au kuondoa meno bandia yanayokwaruza, upewe rufaa, si dawa ya pili. Kila anayekuja kwa jino atazamwe kinywa kizima: meno bandia yavuliwe, ulimi ushikwe kwa shashi na kuvutwa kulia na kushoto, chini yake patazamwe na kupapaswa, na shingo ipapaswe. Mtafunaji popoo ajaribu kuingiza vidole vyake vitatu kati ya meno ya mbele. Visipoingia, naye apewe rufaa. Jino lililolegea peke yake, na mengine ni imara, lising'olewe kabla ya kujua kwa nini limelegea. Anayechukua kinyama cha kupima achukue ukingoni mwa kidonda, si katikati palipooza, na akiweke kwenye fomalini ya asilimia 10, kamwe si kwenye maji ya chumvi. Gharama ya kusafirisha vipimo hivyo isimwangukie mgonjwa. Hilo naliomba kwa heshima wizarani. Na tena: wiki mbili, kisha rufaa.

Siku ya kwanza kabisa, andikeni kwenye faili tarehe kidonda kilipoanza, ili atakayempokea mgonjwa huyo wiki ijayo aweze kuhesabu.