Mchimba Kisima: Mhusika na Kinaya cha Kidrama katika Tanzia ya Mfalme Oedipus



Mwanafunzi anapotakiwa kueleza wasifu wa Mfalme Oedipus, mara nyingi hujibu kwa orodha: ni jasiri, ana kiburi, ni mwepesi wa hasira. Kisha huongeza kwamba kiburi ndicho kilichomwangamiza. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi, kwani humfanya mtazamaji awe hakimu kabla hajawa shahidi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba katika tanzia hii ya Sophocles, kinaya cha kidrama hutokana zaidi na ubora wa mhusika kuliko uovu wake.

Kinaya cha kidrama hutokea pale hadhira inapojua jambo asilolijua mhusika, hata maneno yake yakabeba maana mbili: moja aikusudiayo yeye, na nyingine waisikiayo watazamaji. Aliyetazama Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, analifahamu jambo hili, kwa sababu huingia ukumbini akijua kwamba katika Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, maji hayakuzuia risasi. Vivyo hivyo, watu wa Athens walioutazama mchezo wa Sophocles katika karne ya 5 K.K. waliijua hadithi ya Oedipus tangu zamani. Walichokwenda kukiona ni jinsi mtu anavyoifikia habari ambayo wao walikuwa nayo tayari. Wasomaji wa Kiswahili wameupata mchezo huo kupitia tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, iliyotoka mwaka 1971.

Mchezo unaanza tauni ikiwa imeingia mjini Thebes. Jibu la mungu Apollo ni kwamba aliyemuua Laius, mfalme wa zamani, aondolewe mjini. Oedipus anamlaani muuaji hadharani, na kuahidi kumpigania Laius kana kwamba ni baba yake mzazi. Kwake yeye, hayo ni maneno ya kuonyesha uaminifu. Kwa hadhira, ni ukweli mtupu. Hapa msemo wa wahenga, mchimba kisima huingia mwenyewe, unaonekana kumfaa. Hata hivyo, kwa kawaida methali hiyo humsuta amchimbiaye mwenzake kwa hila. Oedipus hana hila. Anawachimbia watu wenye kiu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha tanzia yake.

Ni kweli kwamba anazo dosari. Tiresias, mwaguzi kipofu, anapomtaja kuwa ndiye muuaji, Oedipus anamdhihaki kwa upofu wake na kumtuhumu shemeji yake, Creon, kwa njama. Asiye na macho ndiye anayeona. Lakini matendo mawili yaliyo mazito kuliko yote, kumuua baba na kumwoa mama, yalikwisha kutendeka miaka mingi kabla mchezo haujaanza. Hasira ilichangia mauaji ya njia panda, ila muuaji hakumjua aliyemuua. Kinachotendeka jukwaani ni uchunguzi, na uchunguzi huo ni wajibu wa mtawala mwema.

Nia njema ndiyo inayousukuma msuko wote. Jocasta, akitaka kumtuliza mumewe, anaeleza kwamba Laius aliuawa mahali zinapokutana njia tatu. Neno la faraja linageuka kuwa neno la hofu, kwa sababu Oedipus anakumbuka kuwa aliwahi kumuua mzee mahali kama hapo. Mjumbe wa Korintho naye, akitaka kumwondolea wasiwasi, anamwambia kwamba Polybus hakuwa baba yake mzazi. Aristotle alilitumia tukio hili kuwa mfano wa mgeuko wa mambo, na aliisifu tanzia hii kwa sababu ndani yake mgeuko na utambuzi huja pamoja.

Jocasta, akiisha kuelewa, anamsihi Oedipus aache kuuliza. Mchungaji mzee anamsihi vilevile. Kujiokoa kunahitaji kunyamaza tu, lakini angenyamaza, tauni ingeendelea kuwaua watu wake. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Oedipus hafichi maradhi, na bado anaumbuliwa. Ndiyo maana hadhira humwonea huruma na hofu, badala ya kuridhika kwamba amepata alichostahili.

Neno la Kiyunani hamartia, ambalo limezoeleka kufasiriwa kuwa dosari ya tabia, asili yake ni kukosea, kama mshale ukosavyo shabaha. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza kosa la Oedipus ni lipi, mhakiki hana budi kuuliza pia: mtu mwema aliye mahali pake angefanya nini? Orodha ya sifa haiwezi kulijibu swali hilo. Hujibiwa kwa kumfuata mhusika neno kwa neno, huku maana zote mbili zikisikika kwa pamoja.

Mwishoni, akiwa amejitoboa macho, Oedipus anaomba afukuzwe mjini, kama alivyoapa kumtendea muuaji. Hadhira ilijua yote tangu mwanzo na haikuweza kumsaidia kwa lolote. Yeye, ambaye hakujua kitu, alitafuta mpaka akajua, na kiapo alichowaapia watu wake hakukikana hata kilipomwangukia mwenyewe.