Toroli ya Karakana Yetu: Hotuba Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Twasema kwa niaba ya mafundi seremala wa chama. Ombi letu ni moja: mkutano huu uturuhusu kuunda toroli ya kusafirishia mabamba mazito katika karakana.

Wazee, nyumba zenu za kwanza mlizijenga kwa miti, udongo na nyasi, na uzito wa kila kitu mliujua kwa mabega yenu. Siku hizi watu wa Bukura hutaka milango, makabati na dari za plaiwudi. Bamba moja la kawaida lina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Likiwa na unene wa milimita 18, uzito wake ni kama kilo 30 hadi 40. Gunia la uzito huo hukumbatiwa na kutwikwa, bamba halikumbatiki. Mikono haifiki kingo zote mbili, upepo hulisukuma kama tanga, na mbebaji haoni anapokanyaga. Basi mgongo hujipinda upande mmoja, na hapo ndipo unapoumia.

Wapo wasemao kwamba vijana wana nguvu, waacheni wabebe. Wahenga walikwisha kuwajibu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mwaka 1967 mapatano juu ya mizigo ibebwayo na mtu mmoja, na pendekezo lililofuatana nayo likataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007, nayo humkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru. Huenda mtu akasema kwamba bamba letu halifiki kilo 55. Ni kweli. Lakini kijana anayeshusha mabamba 20 kutoka katika lori amebeba kilo 700 kabla ya kuanza kazi yenyewe ya useremala.

Sasa twaeleza ujenzi wa toroli hiyo. Kitako chake kitakuwa cha mbao ngumu, urefu sentimita 150 na upana sentimita 75. Juu yake zitasimama fremu mbili zilizoegemeana kileleni kama paa la nyumba. Mabamba yatasimamishwa kwa ukingo wake mrefu, 5 upande huu na 5 upande wa pili, yakiegemea fremu, kisha yafungwe kwa kamba.

Mabamba 10 yaweza kufika kilo 400, na toroli yenyewe twaikadiria kilo 50. Magurudumu ni 4, lakini sakafu isiyo sawa huliacha moja likining'inia, na matatu yakabeba yote. Kwa hiyo kila gurudumu lazima liweze kubeba kilo 150 au zaidi. Mawili yawe ya kugeuka, mawili yasigeuke, na yote yawe makubwa, maana gurudumu dogo hunaswa katika kila ufa. Toroli ikisimama, kabari ziwekwe chini ya magurudumu.

Sharti moja lishikwe kuliko yote: bamba moja likipakiwa upande huu, la pili lipakiwe upande wa pili, na katika kushusha iwe vivyo hivyo. Mabamba yote yakilundikwa upande mmoja toroli itapinduka, na uzito huo ukimwangukia mtu waweza kumwua.

Tena iko faida nyingine. Mvua za Kakamega mara nyingi hunyesha alasiri, na plaiwudi ikilowa huvimba na tabaka zake huachana. Kwa toroli, mzigo wa lori utaingia ghalani kabla mawingu hayajafunguka, na mali ya mteja itapona pamoja na mgongo wa fundi.

Bukura ni mahali pa mafunzo ya kilimo tangu miaka ya 1920. Hatujapata kusikia mzee wa hapa akimwita mvivu mtu alimaye kwa jembe la ng'ombe. Kama ng'ombe hawakuuharibu ukulima, magurudumu hayatauharibu useremala.

Chama hiki kipo ili tusaidiane katika ugonjwa na msiba. Kijana akiumia mgongo, tutachanga, tutampeleka hospitali, na tutawalisha watoto wake. Na huenda asishike randa tena. Toroli ni msaada uleule, ila huja kabla ya machozi.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano utoe fedha za magurudumu, bolti na kamba. Mbao na kazi ya mikono tutazitoa sisi wenyewe. Pili, iwe amri kwamba mpaka toroli itakapokwisha, kila bamba libebwe na watu wawili. Tatu, kila mwanafunzi wa ufundi afundishwe kupakia na kushusha kabla ya kushika msumeno.

Wazee, shauri sasa ni lenu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tu tayari kuunda.